Sijambo ya Mzee Gwamaka

Asubuhi hiyo Subilaga aliingia karakana akiwa na kipande cha chapati mkononi, na kabla hajakimaliza Ruhinda akamwita kwenye meza yake. Ruhinda alikuwa daktari wa mishipa, mtu wa Bukoba, aliyeletwa Mbeya kusimamia wadodosi wote wa nyanda za juu, na si kawaida yake kumwita mtu kabla ya chai. Alimwambia kuna mdodosi mmoja anayemtia wasiwasi. Tangu juzi anamuuliza mgonjwa wake swali lile lile na kupata jibu lile lile, na jibu lenyewe halifanani hata kidogo na vipimo.

Mdodosi ni kidude kisichozidi punje ya mchele. Hukaa kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, hupima damu mchana na usiku, na akiona mambo yanaharibika humuuliza mwenye mwili kupitia kispika kidogo kinachowekwa karibu na kitanda. Huuliza kwa sababu Sheria ya Ridhaa inamlazimisha. Sheria hiyo wazee wetu waliipigania kwa machozi, baada ya zile mashine za kwanza kumwaga dawa kwenye damu za watu bila kubisha hodi, hadi kata nzima ikalala usingizi mchana wa jua kali na wengine hawakuamka tena. Tangu hapo hakuna mashine inayoruhusiwa kumtia mtu dawa kabla mwenyewe hajasema ndiyo kwa mdomo wake.

Na sauti ya wadodosi wote, kuanzia Mbeya mpaka Songea, ilikuwa sauti ya Subilaga. Yeye ndiye mtaalamu wa lugha aliyewafundisha kusikia watu wanavyosema, kwamba mtu akisema mkono umekufa ganzi hajafiwa, na akisema anaona vimulimuli hayuko shambani. Siku walipotafuta sauti ya kuuliza, wakubwa walimwambia ajaribu yeye, na wote wakaipenda. Sokoni akinunua nyanya watoto walimfuata nyuma wakimwigiza, "Hujambo? Miguu inawaka?" Alijifanya kukasirika. Tuseme ukweli, alipenda, na wakati mwingine alipitia njia ya sokoni bila kuwa na haja ya nyanya.

Ruhinda akabonyeza, na sauti yake Subilaga ikatoka kwenye meza, safi, yenye upole wa kupimwa.

"Hujambo, mzee? Miguu inawaka?"

Ikajibu sauti ya mwanamume mtu mzima, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo.

"Sijambo, mwanangu. Kapumzike, umeshinda unauliza watu."

Subilaga akaacha kutafuna. Ruhinda, ambaye kisheria hakuruhusiwa kujua jina la mgonjwa wala hakulijua, alikuwa bado anaongea, anasema imekuwa hivi mara nyingi na kila mara mzee anaiambia mashine ikapumzike, na yeye alicheka mwanzoni lakini sasa hacheki. Subilaga akaiweka chapati juu ya meza ya watu bila kuomba radhi.

"Zima," akasema. "Huyo ni baba yake Ambakisye. Ni mkwe wangu."

*

Nyumba aliyoolewa Subilaga iko Tukuyu, upande wa migomba inakoteremkia mtoni, na ina adabu zake. Watu wengi wa huko wameziacha siku nyingi, lakini Mzee Gwamaka hakuziacha. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja. Mzee akirudi kutoka shambani hukohoa kwenye kona ya migomba, kikohozi kimoja kikubwa cha makusudi, ili mkwewe apate nafasi ya kupisha. Akitaka kumshukuru kwa chakula humwambia mjukuu, "Lugano, mwambie mama yako ndizi zilikuwa nzuri," huku mama mwenyewe yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno. Naye hujibu kupitia kwa mtoto yule yule, "Mwambie babu nimefurahi," na mtoto hana hata haja ya kutembea.

Mtu wa nje angeona ni ukali. Subilaga hakuuona ukali. Aliona mzee anayemheshimu kuliko alivyoheshimiwa kwao, na yeye akamrudishia heshima hiyo kwa kupisha haraka. Katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumsikia akimwita mwanangu. Leo amelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, na aliyeambiwa alikuwa mdodosi.

Ruhinda alimwonyesha picha ya damu ya mzee. Uboho wake, ile sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, ulikuwa umepoteza breki, unafyatua chembe sahani bila kipimo. Chembe sahani ndizo zile ndogo kabisa zinazokimbilia kwenye jeraha kuliziba. Zikiwa za kutosha mtu anapona akijikata. Zikizidi mno zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe mahali pasipo na jeraha, hasa kwenye mishipa myembamba, na ndiyo maana huanza na vidole vya miguu kuwaka moto na kuwa vyekundu, kichwa kugonga, jicho kufifia kidogo kisha kurudi. Kwenye mguu wa kushoto wa mzee mshipa mmoja ulikuwa umebaki na njia nyembamba sana.

"Ukifunga, mguu umekwenda," Ruhinda akasema. "Na bonge moja la damu likikatika likapanda kichwani, ni kiharusi. Sidhani kama tunafika kesho."

Dawa zilikuwa ndani yake tayari, kwenye tumbo la mdodosi, zikisubiri neno moja. Ilikuwa kama mtu kufa kiu akiwa amekalia kisima, na Ruhinda hakuelewa. Aliwajua wagonjwa wakaidi, aliwajua wanaoogopa dawa, lakini huyu hakuwa mkaidi wala mwoga, alikuwa mpole kupita kiasi. Mbona hasemi?

Subilaga alihisi uso wake unapata moto, kuanzia shingoni kwenda juu.

"Kwa sababu anadhani ni mimi."

Akamweleza. Ruhinda akasema basi si jambo gumu, abadilishiwe sauti, ipo ya mama mmoja wa Tanga na ipo ya bwana wa Kigoma. Lakini kubadilisha sauti nako kunataka ridhaa, na wa kuiomba ridhaa ni mdodosi yule yule. Walimtuma aulize palepale. Sauti ya Subilaga ikamuuliza mzee kama angependa kuulizwa na mtu mwingine. Mzee akajibu kwa upole kama anayembembeleza mtoto aliyenuna.

"Hapana, mwanangu. Sijakukataa."

Hapo Subilaga akakaa chini. Alikumbuka siku mumewe, Ambakisye, alipompeleka baba yake kuwekewa mdodosi. Alirudi anacheka, anasema mzee alipoambiwa ni sauti ya nani aliinamisha kichwa akanyamaza. Na yeye, mke, alifanya nini? Aliwapigia simu marafiki zake kuwatangazia kwamba sasa hata baba mkwe anamsikia kila siku. Yeye ambaye kazi yake ni kujua nani anaweza kumwambia nani nini, aliyekuwa akipisha njiani kila siku mzee anapokohoa, aliiweka sauti yake ndani ya mwili wa mzee huyo na kumwamuru amjibu habari za miguu. Hakufikiri. Alikuwa anashughulika kujisikia vizuri. Aliona aibu, tena si aibu ya kutazamwa na watu, maana Ruhinda hakuwa anamlaumu. Ilikuwa aibu ya mtu aliyejikuta amesimama mahali pasipomhusu.

Ruhinda akamsogezea kispika. Kuna kitu kingine, akasema, mwisho wa kila jibu, pengine ni kelele tu. Akarudia sekunde ya mwisho ya rekodi. Baada ya sijambo palikuwa na pumzi, halafu herufi moja tu, i, kisha sikio la mdodosi likajifunga.

Haikuwa kelele. Subilaga alijua neno lililokatwa. Kwao mtu haanzi na ubaya. Ukimuuliza habari atakwambia nzuri, atanyamaza, ataangalia pembeni, ndipo atakwambia ila. Nzuri, ila nyumba imeungua. Sijambo, ila sijalala. Habari yenyewe inakaa nyuma ya ila. Walipofanya majaribio waliwatumia vijana wa mjini, ambao hujibu kama wanakimbizwa, na Subilaga mwenyewe ndiye aliyependekeza sikio lifungwe mapema ili kidude kisimalize nguvu. Alipongezwa kwa pendekezo hilo.

*

Alimpigia Ambakisye, aliyekuwa kazini kwenye mitambo ya mvuke, akamwambia aende nyumbani amwone baba yake, amwangalie miguu. Ambakisye alirudisha jibu mapema kuliko walivyotegemea. Amemkuta mzee amekaa kitandani, nyayo zimekanyaga sakafu ya saruji na amejifunika kitenge kuanzia magotini. Amemuuliza, ameambiwa sijambo. Amejaribu kufunua kitenge, na mzee amemtazama jicho moja tu ambalo lilimrudisha kuwa mtoto wa darasa la pili. Hakugusa. Akamwomba aende hospitali, mzee akasema hospitali ni ya wagonjwa.

Ruhinda alisikiliza yote hayo, kisha akaenda kufunga mlango wa karakana.

"Ninazo ndiyo zake," akasema kwa sauti ya chini. "Aliulizwa siku ya kwanza kama anasikia vizuri, akasema ndiyo. Kama amekula, ndiyo. Tunaweza kumtengenezea nyingine."

Wala hakuhitaji kueleza zaidi. Mdodosi angeuliza, na badala ya koo la mzee lingejibu jibu lililotengenezwa Mbeya. Kuna watu waliofungwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini Subilaga hakufikiria kufungwa, alifikiria mguu. Akamwambia atengeneze wasikie.

Ruhinda alikuwa hodari, na haikumchukua muda. Ndiyo ilitoka mezani ikiwa na mkwaruzo wake, na hata ile namna ya mzee kuvuta pumzi kabla ya kusema. Ilikuwa ndiyo nzuri sana. Subilaga akaisikiliza, na mara akahisi kama amesukuma mlango wa bafu akamkuta baba wa watu ndani. Alitamani kufunika uso.

Na bado kulikuwa na swali la pili. Mdodosi wa ugonjwa huu hatoi dawa kwa ridhaa peke yake, lazima aulize kuhusu damu. Ni jambo la ajabu kidogo, na Ruhinda alishazoea kulieleza kwa mfano wa mafundi ujenzi. Chembe zinahitaji gundi fulani iliyomo kwenye damu ili zishike. Zikizidi kupita kiasi zinagawana ile gundi, kama mafundi wengi walioletewa ndoo moja ya saruji, na mwisho hakuna hata mmoja mwenye ya kutosha kuziba tundu. Hapo mtu yule yule anaganda huku na kuvuja kule. Kwa hiyo mdodosi ana dawa mbili. Kilainishi huzuia chembe kushikana na huokoa mguu haraka, lakini mtu anayevuja tumboni kitamtoa damu yote. Kipunguzi huteremsha idadi taratibu, na mgonjwa huyo hupelekwa hospitali kuchujwa damu. Kuchagua kati ya hizo mbili kunategemea mtu aseme anaona nini chooni.

"Anaona au haoni?" Subilaga akauliza.

"Kwa hesabu hii, inaweza kuwa vyovyote."

"Sasa tutamjibia nini?"

Ruhinda akasema uwezekano mkubwa haoni, kwa mtazamo wake, na kwamba kungoja nako ni kuua. Subilaga akamwambia afute ile ndiyo. Ruhinda hakuifuta.

"Utakuwa umemuua kwa adabu," akasema.

"Na wewe utakuwa umemuua kwa kubahatisha."

Walitazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu na hawakuwahi kuambiana neno kali kama hilo. Mwisho Ruhinda akafuta, kwa hasira, akipiga kitufe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo Subilaga akamwambia anachotaka. Kutoka karakana wangeweza kumziba mdodosi mdomo na kumwacha sikio wazi, bila kikomo. Swali angeliuliza mtu. Ruhinda akasema sheria inataka mashine iulize, mtu akijifanya mashine ni udanganyifu, na leseni zao zote mbili zitakwenda. Subilaga akasema sheria inataka mwenye mwili ajibu, na mwenye mwili ana neno ambalo hakuna aliyemngojea alimalize. Ruhinda alisugua macho, akamuuliza ni nani atakayeuliza. Alipoona jinsi Subilaga alivyokuwa anatafuta mkoba wake hakurudia swali.

*

Alipanda gari la waya lililovuka milima ya Uporoto ndani ya ukungu, na njia nzima hakuona chochote isipokuwa kioo kilicholowa. Alijaribu kuyapanga maneno. Kila alipofika kwenye swali la damu maneno yalimkimbia. Swali hilo alilirekodi studio pamoja na mengine, na alikumbuka walivyolirudia mara kadhaa kwa sababu yeye na fundi mitambo walishikwa na kicheko. Walicheka mpaka wakatoka nje kupumua.

Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha kwa utulivu wake ule wa siku zote. Ambakisye alimpokea kwenye baraza, macho mekundu, na aliposikia mpango akakataa kwanza. Akasema ingekuwa bora aingie tu, amkalie mbele, amwambie baba unakufa. Mila hizo nani anazifuata siku hizi?

"Baba yako," Subilaga akamjibu. "Nikiingia atasimama kwa miguu hiyo hiyo aniambie sijambo."

Ambakisye alijua ni kweli. Akabaki barazani, akakaa kwenye ngazi na kuziba masikio kwa viganja, kwa hiari yake, ili na yeye asisikie ya baba yake.

Chumba cha mzee kilikuwa cha peke yake nyuma ya nyumba kubwa, chenye mlango wa mbao. Subilaga hakuwahi kuufikia mlango ule. Alichutama pembeni yake, akageuza mgongo, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na hakuna ambacho angekiona. Akamwandikia Ruhinda kwa simu amzibe mdodosi mdomo. Ruhinda akajibu tayari. Akaitafuta ile sauti ya studio.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mwanangu."

Akangoja. Mvua ikaendelea kugonga bati. Ndani kitanda kilialika, mtu akavuta pumzi ndefu, akaiachia bila kusema. Mdodosi angekuwa ameshafunga sikio zamani na kuandika kwamba mgonjwa hajambo. Subilaga akazidi kungoja, magoti yakianza kumuuma, na ikawa wazi kwamba mle ndani kuna mtu naye anangoja aone kama ataachwa.

"Bado upo?" mzee akauliza.

"Nipo, baba."

Neno likawa limeshatoka. Mashine haimwiti mtu baba, huita mzee, yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha hivyo. Damu ikamkimbilia usoni. Alisikia kitanda kikialika tena, na pumzi ya mzee ikahama upande, sasa inatokea kwenye usawa wa mlango. Mzee alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama ubao ambao nyuma yake palikuwa na mgongo wa mkwewe. Subilaga alitaka kukimbia, kama anavyopisha kila siku, na miguu ilikuwa tayari. Aliona aibu kiasi kwamba kama Ruhinda asingekuwa upande wa pili na sikio wazi, angekimbia.

Kisha kitanda kikalia mara ya tatu na sauti ikarudi mbali, imeelekezwa rafuni kilipowekwa kispika.

"Leo umenisubiri," mzee akasema. Akakohoa kidogo. "Basi, mashine, sikiliza."

Hakusema mwanangu. Tangu hapo hakusema tena mwanangu, alisema mashine.

"Sijambo. Ila miguu hii, mashine. Inawaka. Huu wa kushoto umeniwakia mpaka naukanyagisha kwenye saruji, nauloweka kwenye beseni, hausikii. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Nilidhani ni uchafu, nikavisugua."

Subilaga akaziba mdomo kwa kiganja. Akakiondoa ili aweze kuuliza kuhusu macho, na mzee akasema ndiyo, jicho la kulia linazimika kama taa ya umeme mbovu, kisha linawaka. Akauliza kuhusu mikono. Aliuliza yote yanayoulizika, na alijua anayapanga kwa sababu anaogopa lililobaki. Mzee naye alijibu kila moja taratibu, neno kwa neno, bila kuharakisha kufika mwisho. Waliogopa pamoja.

"Mzee," Subilaga akasema, akifumba macho. "Ukienda haja kubwa, unaona damu?"

Hakuna aliyecheka. Maji ya bati yalianguka kwenye ndoo, na alijua kwamba kama mzee akinyamaza hapo hatakuwa na nguvu ya kuliuliza tena.

"Naiona," mzee akasema.

"Nyekundu?"

"Nyeusi. Kama lami. Siku nyingi sasa. Swali hilo hata mama Ambakisye, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza."

Subilaga akamwambia, kwa sauti ileile, kwamba kuna dawa ya kupunguza chembe na itaanza sasa hivi akiruhusu, lakini haitoshi, lazima aende Mbeya akachujwe damu leo hii. Mzee akauliza kama mguu utapona. Mdodosi alikuwa na jibu la swali hilo, jibu zuri lililoandikwa na kamati, linalosema kila mtu ni tofauti. Subilaga hakulitumia. Alimwambia mguu utapona akienda leo, na vile vidole viwili hajui.

"Nitabebwa?"

"Utabebwa, mzee."

"Na akina nani?"

"Wanaume watupu."

Mzee akafikiri. Ilichukua muda wa mtu kuvaa shati.

"Basi ndiyo," akasema. "Ninaruhusu. Toa."

Rafuni pakalia mlio mmoja mdogo. Simu ya Subilaga ikatetemeka kwenye paja lake. Ruhinda alikuwa ameandika kwamba majibu yote mawili yamepokelewa, kipunguzi kimetoka, kilainishi kimezuiwa, na machela iko njiani kwa gari la waya. Chini yake ameongeza mstari mwingine, kwamba yeye alikuwa tayari kujibu haoni. Subilaga aliusoma mara mbili. Akaigeuza simu kifudifudi asiusome tena, kwa sababu ile ndiyo nzuri aliisikiliza na yeye, na kwa kitambo alikuwa ameitaka.

Akaanza kuinuka polepole, akishika ukuta.

"Mashine," mzee akaita.

Akachutama tena. "Naam, mzee."

"Ninaye mkwe wangu hapa, mama yake Lugano. Kazi yake ndiyo hizi hizi zenu." Mzee alisema hayo kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayepita na yai mkononi. "Haya tuliyoyazungumza, ya vidole na ya chooni, asije akayajua. Akiyajua nitakula vipi chakula chake?"

Subilaga alitaka kumwomba msamaha. Alitaka kumwambia ni mimi, baba, nisamehe kwa sauti hii, sikufikiri, nilifurahia tu kusikika. Maneno yalimjaa mdomoni, na aliona wazi kwamba yangempa nafuu yeye na kumvua nguo mzee. Akayameza.

"Hatajua, mzee," akasema kwa sauti ya studio.

"Vizuri."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka pekupeku juu ya matope yaliyopoa, akiweka mguu mmoja mmoja, kwa sababu mashine haina nyayo na mzee alikuwa bado anasikiliza.